Nyuzi Kumi na Nne

Nachingwea, Ijumaa, saa nne za usiku.
Malipo ya korosho yametoka,
ndiyo maana kesho kuna resi kwenye uwanja wa zamani wa ndege,
ndiyo maana Likwawa ana petroli ya kumwaga
na maneno ya kumwaga.

"Ipandishe, Somoe. Wa Masasi anakuja na injini mpya."

Nimelegeza nati ya distribyuta, spana kumi na mbili,
nusu mzunguko tu.
Ikilegea sana inalewa, ikikaza haisikii.
Nimeshika kichwa chake kwa mkono wa kushoto
kama unavyoshika kichwa cha mtoto unayemnyoa.

Moto nao una miguu, Likwawa,
ukiwashwa haufiki papo hapo.
Cheche ikisubiri pistoni ifike juu kabisa
ndipo iseme sasa,
pistoni imeshageuza mgongo,
moto unamsukuma mtu aliyekwisha ondoka.
Kwa hiyo tunauwasha kabla.
Kabla kiasi gani, hapo ndipo unaponilipa.

Wahenga walituachia haraka haina baraka,
wakatuachia na ngoja ngoja huumiza matumbo,
wakaenda zao.
Kati ya hizo mbili kuna nyuzi ngapi
hawakumwambia mtu.

Naelekeza taa ya taiming. Kapi lote linazunguka
lakini ile alama niliyoipaka chokaa
imesimama, inanitazama.
Nane. Kumi.
Nageuza kwa kidole, injini inaacha kukoroma.
Kumi na mbili: vikombe vya chai vinatetemeka kwenye benchi.
Kumi na nne: Likwawa anacheka peke yake.
"Kumi na nane," anasema.
Haya. Gari lako.

Tukatoka nayo kwenye kile kipando, barabara ya Masasi,
gia ya nne, mguu chini,
na ndani ya chuma mtu akaanza kubangua korosho.
Kavu, harakaharaka, gamba juu ya gamba.
"Unasikia?"
"Nasikia nguvu."
Dereva husikia kwa mgongo, kiti kinavyomsukuma.
Masikio ameniachia mimi.

Kwenye rafu yangu ipo pistoni yenye tundu
la ukubwa wa korosho moja.
Ni yake mwenyewe, ya mwaka juzi.
Naiwekea misumari. Midogo inapita.

Saa sita kasoro nikairudisha kumi na nne.
Nikakaza nati, nikachukua rangi ya kucha ya mdogo wangu,
nyekundu,
nikachora mstari juu ya mshono,
nusu kwenye distribyuta, nusu kwenye injini,
ili akiigusa usiku nijue.

Asubuhi vumbi, watu, miwa, honi.
Akashindwa kwa urefu wa boneti.
Si gari zima. Boneti.

Ameegesha, hazungumzi, anafungua kofia ya chuma
kama anayefungua barua ya mahakama.
"Kumi na sita," anasema mwishowe, "tungeshinda."

Nimefunua boneti. Mstari mwekundu haujapasuka.
Naweka kiganja juu ya kava: joto la kawaida,
silinda nne, zote hai.
Kumi na sita.
Huenda anasema kweli, na hilo ndilo litakaloninyima usingizi,
si vumbi lao wa Masasi.
Simjibu.
Injini inapoa, tik, tik,
inahesabu kitu, inaanza upya.