Sindano Mbili

Asubuhi mie ni mzima kama wewe.
Hilo lijue kwanza.
Nikishasali alfajiri nakaa barazani, hapa Wete,
uzi mweupe mdomoni, kofia juu ya goti,
na vitobo vinakwenda vyenyewe,
vidogo hata chembe ya mtama haipiti.

Ikifika adhuhuri ukope wa kushoto unashuka.
Hauniombi ruhusa.
Alasiri sindano zimekuwa mbili mkononi,
na najua niliyoishika ni moja.
Natunga uzi kwenye ile isiyokuwepo.

Arusini walisema Riziki ana dharau,
anawasinzilia watu usoni.
Wifi Mize akasema ni shetani, ataka ngoma.
Daktari Shaame, Unguja, hakusema kitu kwanza.
Akaniambia nitazame dari, nisipepese,
akahesabu kwa saa yake.
Hajafika sitini, dari lilishanipotea.
Akasema: amri inatoka kichwani, misuli haiipati.
Mwili wako unamzuia mjumbe mlangoni,
unamdhani mwizi.
Akanipa vidonge vya kila saa nne,
na vingine vya kuubembeleza mwili ulale.

Ndipo yakaja maradhi yale ya kupumua,
tuliyoyazikia watu bila ya kuyaita jina.
Akaenda Mzee Khatibu wa duka la mafuta ya taa.
Akaenda mkewe, wiki haijesha.
Na mie pumzi yangu nayo ni msuli,
inachoka kama ukope.

Chanjo ilipofika Faki wa baiskeli akasema itakata uzazi.
Nikamwambia nna miaka hamsini na sita, na ikate.
Hofu yangu ilikuwa nyengine:
kumwamsha aliyelala.
Mwili huu ukifunzwa kupigana,
atakayepigwa si mimi?

Nesi Kazija ana fomu.
Una kisukari? Una presha?
Una mimba? Akacheka, nami nikacheka.
Maradhi yangu hayakuwa na kisanduku.
Akayaandika pembeni, herufi zimebanana kama watu kwenye kivuli,
kisha akapiga simu Unguja.
Ikakatika mara mbili.
Ya tatu Shaame akapokea, sauti ya mtu anayetafuna:
Achanje. Maradhi yenyewe yakimkuta yatamfanya vibaya zaidi.
Vidonge asiache.
Ila dawa zile za kuulaza mwili,
huenda chanjo ikasema na asiyesikia;
basi ya pili aje, na akiitwa kwa ya tatu aje.
Na ukope, nikauliza, ukizidi kushuka?
Na pumzi ikiwa nzito?
Nipigie. Usingoje kukuche.
Halikuwa jawabu lote.
Lakini lilikuwa na namba ya simu.

Nikakunja mkono wa buibui, bega la kushoto,
upande wa ukope mvivu.
Mie nnayechoma sindano tangu sijavunja ungo
nikageuza uso, nikautazama ukuta.

Siku ya kwanza bega zito. Ya pili homa, na uji wa Mize
ambaye hakutaja tena shetani, wala hakuomba radhi.
Ya tatu nikakaa na kioo tangu saa nne,
namlinda ukope kama anayelinda maziwa motoni.
Adhuhuri ukashuka.
Je, ni chanjo, au ni adhuhuri tu?
Hapakuwa na wa kuniambia.
Nikameza kidonge, nikahesabu pumzi, nikangoja,
simu mapajani.
Alfajiri yake ukapanda.

Tarehe ya sindano ya pili nimeiandika kwa penseli
ndani ya ukingo wa kofia hii.
Mwenyewe hajui; ni bwana harusi wa Kojani.
Atavaa tarehe yangu kichwani mpaka itakapofuliwa.
Imebaki mistari minne.
Sasa ni saa tatu asubuhi,
na sindano bado ni moja.