Kofia ya Vito

Siku ya tatu ya homa sikushika sindano.
Kofia ya bwana harusi wa Langoni ililala mapajani,
nusu ina vito, nusu kitambaa kitupu.

Somoe akarudi zamu ya maabara,
akanigusa kipaji kwa mgongo wa kiganja, akacheka:
"Baba, humo ndani mnaibiwa kofia."

Hakunitania. Kila chembe ya mwili, akasema, ni karakana,
na agizo likitoka kwa tajiri
— shona ngozi, shona damu, shona askari —
huvikwa kofia ndogo utosini.
Bawabu haulizi jina. Hutazama kichwa.
Lenye kofia hupita, likasomwa, likashonwa.
Lisilo nayo hufagiliwa nje.

Kirusi huja kichwa wazi.
Haji na cherehani, haji na uzi,
hana hata kidole cha kushikia sindano.
Huvizia agizo la mwenyeji njiani,
hulikata utosi na kofia yake,
akajivika ingali na joto la mwenyewe,
akaingia kwa salamu.

Basi karakana nzima inamshonea yeye,
na lile agizo la kupiga siwa,
la kuwaambia majirani fungeni, tumevamiwa,
limelala kizani bila kichwa.

Nikauliza: na mafundi, hawaoni?
"Wanaona kofia, Baba.
Wewe umewahi kumuuliza mteja yu nani?"

Nikanyamaza.
Nilimkumbuka yule aliyenunua kazi yangu ya miezi minne,
akenda nayo barazani Mkomani
kulishuhudia uongo shamba la shemeji yangu Bunu.
Walimwamini. Kichwa chake kilikuwa kimetulia sana.
Kila kito nilikitoboa mimi.

"Husikilizi."
Nasikiliza. Niambie mwisho wake.
"Zipo karakana zinazowahi kupiga siwa.
Jirani akisikia, huzima taa,
hashoni tena, si cha rafiki si cha adui.
Afadhali njaa."
Njaa hiyo ndiyo homa?
"Sehemu yake," akasema, akanifunika.

Usiku jasho lililowesha godoro.
Alfajiri nilitoboa kitundu kimoja,
nikakizungushia uzi, mkono ukitetemeka, nikakomea hapo.

Bwana harusi alipokuja kuulizia
nilimsogezea mkeka.
Keti kwanza, nikamwambia.
Wewe mtoto wa nani?