Jembe au Nyumba

Mwaka sitini na tano nilifanya kazi
katika maktaba ya Wamarekani, mjini:
feni tatu, sakafu ya kung'aa, kiingilio bure.
Nilifuta vumbi, nikabadili picha za dirishani.
Wiki hii roketi. Wiki ijayo trekta.
Wiki nyingine watoto, weusi kwa weupe, darasa moja,
wanacheka kama walioamriwa kucheka ifikapo tatu.

Bi Odessa Tillman, mwalimu wa hesabu, Chang'ombe,
alisimama nje ya kioo na mwamvuli wake
mpaka mvua ikakatika.
Kisha akaingia, na Kiswahili chake cha miezi minane:
"Wale askari wa mlangoni mmewaweka wapi?"
Nikamwambia huletwa hivyo,
imekwisha kukatwa.

Jumapili alikuja kwetu Magomeni,
akakunja miguu yake mirefu chini, penye ukili wa mama,
akatusimulia habari za mama yake, kule Misisipi.
Mara nne alikwenda kujiandikisha kupiga kura.
Mara nne karani akampa kifungu cha katiba
akisome, akieleze, akieleze tena,
na alipokieleza bila kukwama
akaulizwa jela ya wilaya ina matofali mangapi.

Mama hakuacha kusuka.
"Angeniuliza mimi, ningemtandikia huu.
Hesabu njia zake, bwana karani,
ukimaliza tutarudi kwenye matofali."

Septemba ile mama alipiga kura.
Alifu kwa kijiti hajui, na hakuna aliyemwuliza.
Karatasi ilikuwa na picha mbili, jembe na nyumba.
Alichagua jembe,
kwa sababu nyumba, alisema, mtu hupangishwa.
(Chama kilikuwa kimoja. Waliotaka shoka
hawakuchorewa. Hilo nalisema leo.
Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na viatu vipya.)

Barua ikaja. Bi Odessa akatusomea, akitafsiri
kwa kidole, neno kwa neno:
sheria imetiwa sahihi,
karani mwingine ametumwa na serikali kuu, ameketi posta,
na mama yake amekwenda, amevaa kofia ya kanisani,
akaulizwa jina, na umri, na anakoishi.
Basi.
Alirudi nyumbani amekasirika
kwamba kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Ukurasa wa pili, wino uleule:
Lucius, kitinda mimba, ameitwa jeshini.
Anapelekwa Vietnam.
"Ndiyo wapi?"
"Mbali. Kwa watu wa mpunga."
"Wamewakosea nini?"
Bi Odessa aliikunja barua mara mbili,
akaikunjua, akaikunja tena.

Kesho yake nilibadili dirisha.
Askari anampa mtoto peremende.
Pembeni mwa picha kilibaki kiwiko cha mtu,
cha nani, sijui,
nikakifunika kwa pini.

Mama akaumaliza mkeka.
Mimi ndiye niliyeupeleka posta.
Fomu ikauliza thamani; nikaandika shilingi kumi na mbili,
nikaona haya, nikafuta, nikaandika ishirini.

Jibu lilichukua miezi mitatu:
ameutundika ukutani, ni mzuri mno kukaliwa.
Mama alichukia kweli.
"Ukutani! Mwandikieni mkeka si saa."
Bi Odessa alicheka hadi machozi,
na sikumwona tena akicheka vile.

Barua ya mwisho ilikuwa fupi, na hakuisoma yote.
Alisema tu mama yake ameushusha ule mkeka,
ameutandika sebuleni.
Watu ni wengi.
Viti havikutosha.

Mama akaweka ukili chini.
Hakuuliza viti vya nini.
Alinituma nyumba ya tatu, kwa Bi Mwanahamisi,
nikaazime mikeka.