Chokaa ya Baba

Hapa, chini ya upepo wa bomba,
sombe haikuwahi kunifika magotini.
Mama alipanda kila Novemba, mvua ya kwanza ikishatua,
na kila Novemba udongo ulimeza mbegu ukanyamaza,
rangi yake ile ile ya kutu kavu,
kama sahani ya bati iliyosahauliwa nje.
Watoto tulipaita Kipara.
Mpira haukukwamia jani.
Upepo ukivuma, Mama alitoka mbio
kuanua nguo kabla hazijawa nyekundu.

Kisha akaja Numbi, kijana wa Chuo Kikuu,
na fito, na kamba,
na viatu vilivyokaa vyeupe saa mbili tu.
Akakata Kipara vitalu, akachomeka vibao.
Kitalu A, msitie kitu.
Lazima kimoja kibaki na njaa yake, alisema,
ili tujue wenzake wameshibishwa na nini.
B, chokaa.
C, chokaa na mboji.

Mboji tuliipika wenyewe:
maganda ya viazi ya soko la Katuba,
vumbi la mbao la fundi Mwewa,
mavi ya kuku wa Mama Chola,
aliyetuuzia kwa debe na bado akapunja.
Lundo likapata joto, likafuka alfajiri,
moshi wa kwanza mtaani kwetu
usiomkohoza mtu.

Chokaa ilikuja kwa gari.
Gunia la tatu likapasuka mikononi mwangu,
nikawa mweupe hadi kwenye nyusi,
na Mama, mlangoni, akashika kifua.
Alimwona Baba akirudi zamu.

Baba alikuwa mtu wa tanuri.
Miaka ishirini na sita alililisha mawe ya chokaa
ili uchafu ujitenge na shaba,
shaba itoke safi,
ipande treni, iende zake.
Uchafu uende wapi, hakuna aliyeuliza.
Ulikuja hapa.
Uliruka juu ya mapaa, ukashuka polepole,
nasi tukala kwa huo huo moshi.
Bukari yetu ilitoka bombani, siwezi kuikana.

Sasa koleo ni langu
na chokaa ni ile ile.
Haitoi shaba ardhini, Numbi alinionya.
Inaifunga kinywa tu.
Itabaki humo, imekaa,
kama shemeji asiyehama
ila ameacha kugombana usiku.

Katikati ya Januari C ikabadilika.
Si bustani, msinielewe vibaya:
nyasi fupi za vilima vya shaba,
ngumu, hazina jina mjini,
zilizoshikana mikono chini kwa chini.
B ikatoa chache, kama ndevu za mvulana.
A ikabaki A.

Asubuhi moja, nyuma ya kibao cha C,
nikakuta miche sita ya lengalenga.
Imemwagiliwa. Imepigiwa kivuli kwa kipande cha kitenge
ninachokijua.
Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.
«Imeota», akasema.
«Miaka yote hii. Umeona? Imeota».

Nilikuwa na maneno ya Numbi mdomoni:
isiliwe, mizizi inakunywa kila inachokutana nacho,
labda wajukuu, labda hata wao wasile.
Sikuyasema.
Nikainama, nikaing'oa yote sita mbele ya macho yake,
na mkono wangu ulijua kabisa unafanya nini.

Hakulia. Hakunitukana.
Alichukua mche mmoja mmoja kutoka kiganjani mwangu,
akakung'uta mizizi juu ya shimo lake,
punje kwa punje,
mpaka udongo wote ukarudi.

Jioni upepo ukapanda kutoka upande wa bomba.
Nguo zilikuwa kambani,
shuka lake jeupe katikati.
Mama akainua kichwa, akapasikiliza Kipara,
akaendelea kuchambua mchele.