Nyinginezo

"Nenda ukatafute maumivu ya mteja,"
akaniambia Mutethia, amekalia mpira wa mazoezi
katika chumba cha Kilimani kinachonuka rangi mbichi.
Akanikabidhi fomu hamsini, kalamu mbili,
na kredo za hamsini hamsini
za kuwashukuru wenye maumivu.

Saa kumi na mbili kasorobo, Barabara ya Lunga Lunga.
Julai. Geti la kiwanda cha sabuni limefungwa,
na wanaume kama sitini wameegemea ukuta,
mikono kwapani, pumzi zikifuka.
Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.
Mwenye karatasi ana kazi, au ana habari za kazi.
Walinizunguka hata nikakosa pa kupitisha kiwiko.

Swali la kwanza. Unatumia njia gani kutafuta kazi?
Mtandao. Gazeti. Ofisi ya ajira. Nyinginezo.

"Miguu," akasema Odanga.
Nikatia alama kwenye nyinginezo.
"Guyo wa getini," akasema wa nyuma yake.
"Ukimwachia mia anakuona.
Usipomwachia, siku hiyo macho yanamuuma."
Nyinginezo.
"Viatu," akasema kijana aliyevaa vikubwa kuliko miguu yake.
"Nyapara huanza kutazama chini.
Hivi ni vya jirani. Leo mimi, kesho yeye."
Nyinginezo.

Swali la nne. Je, una simu ya intaneti?
Ipo.
Iko wapi?
Iko dukani kwa Mama Nduku,
imeshikilia deni la unga mpaka Jumamosi.
Kisanduku kilikuwa na Ndiyo na Hapana tu.
Nikaandika ukingoni, herufi ndogo kama chawa.

Ng'ambo ya barabara, wanawake wa kupakia sabuni
walikuwa wamekalia magunia yao.
Kerubo alinisogezea nafasi.
Swali la sita: kwa kipimo cha moja hadi kumi,
unaridhika kiasi gani na njia unayotumia sasa?
"Kumi ndiyo nini?"
Kuridhika kabisa.
"Na moja?"
Kutoridhika hata kidogo.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Sasa sufuri umeificha wapi?"

Hapo geti likafunguka nusu.
Kidole kikatoka: wewe. Wewe. Wewe wa kofia. Si wewe, huyo.
Wakaingia kumi na wanne.
Niliwahesabu, maana kuhesabu ndiko ninakolipwa.
Mmoja aliingia na kalamu yangu.
Geti likajifunga, na Odanga akabaki akikung'uta suruali
vumbi ambalo halikuwapo.

"Na wewe," Kerubo akasema,
"hii kazi ya kuuliza watu, uliipataje?"

Nilikuwa na jibu. Shahada, sivii ya kurasa tatu,
barua pepe mia moja na kumi zilizokwenda zikanyamaza.
Yote kweli.
Lakini alikuwa amenisogezea gunia lake.
Nikasema: Shangazi yangu huimba kwaya moja
na mama yake mwenye kampuni.
Akacheka, si kwa ubaya,
akagonga fomu kwa ukucha.
"Basi jiandike na wewe."

Fomu ya thelathini na nane:
mwanamke, miaka ishirini na tisa, Kayole.
Njia: nyinginezo.

Ijumaa tukaitazama duara ya rangi ukutani.
Mtandao, ukucha mwembamba wa samawati.
Gazeti, uzi.
Kilichobaki chote kijivu, kama chapati
iliyosahaulika juu ya moto.
"Data chafu," akasema Mutethia, mpira ukilia chini yake.
"Wawekezaji watauliza hii kijivu ni nini.
Ondoa hicho kisanduku, urudi ukawaulize upya."

Nimekiondoa.
Mkataba wangu unaisha Agosti.
Fomu mpya ziko mezani, safi, zina visanduku vitatu.
Jumatatu Lunga Lunga, kabla ya kupambazuka.
Viatu nimeshaving'arisha.