Wapangaji wa Tangi

Tangi lilikuja kama deni.
Mwenye hoteli ya Msasani alifunga milango
kabla hajanilipa friji tatu nilizomfufulia.
"Fundi Pazi," akasema, "chukua kioo hicho na vilivyomo."
Nikalipakia kwenye bajaji, maji nusu,
mapaja yamelowa chumvi hadi Magomeni Mikumi,
chumba cha tatu kushoto.

Wengi walikufa wiki ya kwanza. Nalisema mapema.
Waliobaki ni gobi, samaki wa urefu wa kidole,
wale ambao pale Feri hawapangwi fungu
wala hawapigiwi mnada.
Niliuliza jina lao la kwetu, nikachekwa.
Basi nikawaita mwenyewe.

Mlinzi anasimama mlangoni pa shimo kutwa nzima.
Shimo si lake. Amelichimba kamba
asiyeona vizuri, mwenye gando moja nene
linalolia ta! usiku, kama swichi.
Kamba anasomba mchanga kama saidia fundi,
na kila atokapo huacha sharubu moja
juu ya mkia wa Mlinzi.
Mkia ukitikisika, wote ndani.
Mkataba hawajaandikiana.

Mfagiaji hubugia mchanga, akautoa kwa matamvua.
Asubuhi nakuta matumbawe yamefukiwa,
na mlango wa kamba umezibwa kifusi.
Nilimtukana, kweli nilimtukana,
mpaka nilipoona tumbo lake limebonyea.
Mchanga wangu ulikuwa safi mno, hauna hata punje ya kuliwa.
Kumbe nilichokiita ukorofi ilikuwa njaa.

Kishikizo, wa kijani, hashuki chini.
Ana tawi lake moja la tumbawe,
amelikalia kama karani kwenye stuli.
Nikamletea mwenzake, rangi ile ile, nikijua nampa ndugu.
Siku ya pili pezi la mgeni limechanikachanika,
nikamhamishia kwenye ndoo ya rangi.
Huyu mchanga, yule shimo, yule tawi: wanaishi.
Wawili wa tawi moja, haiwezekani.

Na Mshale, mwekundu nyuma, huruka akishtuka.
Kaka yake niliwahi kumwokota nyuma ya friji,
mkavu kama dagaa wa Kigoma.
Tangu hapo tangi linalala ndani ya chandarua.

Mimi na Bi Siwatu, chumba cha nne,
tawi letu lilikuwa luku.
Mita moja, milango miwili.
"Samaki wako wanakula yuniti zangu," aliniambia mwezi wa Mfungo Sita.
Hakunisalimu tena, nami sikumsalimu.

Usiku ule kilichoniamsha ni kimya.
Pampu imenyamaza. Maji yamelala kama mafuta.
Nikashika kikombe gizani:
nachota, namwaga kutoka juu, yapate hewa,
nachota, namwaga.
Sijui ni mara mia ngapi.

Ukuta ukagongwa.
"Saa nane za usiku, unaoga kwa awamu?"
"Samaki wanakosa pumzi."
Hakujibu. Nikasikia slipa zake zikienda,
zikirudi, zikisimama ukumbini chini ya mita.
"Njoo ubonyeze. Mimi sifiki, nitasoma."

Mimi nina mtoto wa jicho; namba za simu ni vumbi kwangu.
Vitufe vya mita, hata hivyo, kidole kinavijua.
"Nne. Nne. Moja. Nane. Polepole, mzee."
Tarakimu ishirini.
Ya kumi na saba nikakosea, mita ikalia kukataa.
Akavuta pumzi, akaanza upya: nne, nne, moja.
Bega lake lilikuwa karibu na kiwiko changu,
na kila aliponyamaza, nilisimama.

Pampu ikakohoa, ikashika kazi.
Alisogea kiooni akiwa na kanga begani,
akafunua pembe ya chandarua,
akamtazama Mlinzi kwa muda mrefu.

"Nimenunua ya elfu mbili," akasema.
"Elfu moja yako. Asubuhi, usinizungushe."

Ta! akasema kamba, chini huko.