Fomu ya Ngwali

Wametuma fomu kutoka Unguja, karatasi moja,
safu mbili: UWEZO kushoto,
UDHAIFU kulia. Nafasi ya saini chini.
Kalamu ninayo. Mtoto ninamjua.
Basi naandika.

Ngwali Shaame Kombo, miaka kumi na sita,
skuli ya Mchangamdogo, besiboli,
mlinzi wa nje, katikati.
Mkono: kulia. Glavu si yake, ni ya skuli,
imeshonwa mara tatu kwa uzi wa nyavu.

Mbio anazo. Hilo halina ubishi.
Mpira ukipigwa hangoji kuuona,
ausikia, na mguu wa kwanza umeshatoka.
Gongo likilia kavu, arudi nyuma;
likilia bubu, aja mbele kama aliyeitwa chakula.
Miaka tisa nafundisha, hilo sijamfundisha mtu.

Bega ni la mpanda mikarafuu.
Kutoka ukuta wa vyoo hadi kituo cha nyumbani
mpira wake wafika bila kugusa vumbi.
Ila haufiki kwa mtu, wafika kwa jirani yake.
Mdakaji wetu, Rubea, karuka kuufuata
hata kiatu kikamtoka.
Nguvu, kushoto. Shabaha, kulia.

Kupiga? Tusidanganyane.
Mpira mbovu aufuata kama kuku na punje.
Namwambia, Subiri.
Aniambia, Ndiyo mwalimu, na gongo limeshapita.
Mara ishirini, kapata nne;
mbili katika hizo, mpira hatujauona mpaka leo.

Msimu wa karafuu haji mazoezini.
Fomu yauliza NIDHAMU.
Haiulizi deni la mama yake dukani kwa Mzee Bakar.
Nimeandika "huhudhuria",
miezi sikutaja.

Sasa liko moja.
Mechi na Wete Mjini, zamu ya mwisho,
tunaongoza kwa mmoja, wao wana wawili vituoni,
tumebakisha kumtoa mtu mmoja tu.
Mpira ukapaa, mrefu, upande ule
Bi Mwanakhamis alikoanika karafuu zake,
majamvi manne, siku ya nne ya jua.
Ngwali alishaufikia. Wallahi alishaufikia.
Hatua mbili juu ya jamvi, anyooshe mkono, basi.
Akasimama ukingoni
kama mtu mlangoni pa msikiti na viatu miguuni.
Mpira ukatua katikati, puu, karafuu zikaruka.
Naye akainama, akavua viatu, kimoja, cha pili,
akaingia kwa ncha za vidole
kuuokota.
Wete wameshafika nyumbani wote wawili,
wanabebana.

Njia nzima wenzake hawakumsemesha.
Mie nilimuuliza, kwa ukali, sifichi.
Akaitazama glavu.
"Zilishakauka, mwalimu. Zingekatika vichwa."

Ni kweli, zikikatika vichwa
daraja la kwanza hazipati.
Lakini hilo wachaguzi wa Unguja nitawaelezaje,
na upande gani?
Nimeandika kulia, nikafuta.
Nimeandika kushoto, nikafuta,
karatasi sasa ina kovu pande zote mbili.
Mpira wenyewe uko hapa mezani.
Mwezi umepita, bado wanukia.

Kati ya safu na safu pana mstari mwembamba.
Juu ya mstari huo, kwa herufi ndogo,
nimeandika: Alivua viatu.
Kisha nikatia saini.